Zamu Yetu ya Nyumba ya Ziwani

Wapendwa Stella na Mama Koku,

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya mume, mama mzazi na watoto, nikiwa nimejifunga kanga isiyo yangu. Nawaandikia nimekaa juu ya begi hapa Busisi. Kivuko kiko ng'ambo, Kigongo, na foleni ya malori ni ndefu. Nimeona ni heri mlisikie kwangu kuliko kulisikia kwa watu.

Mnakumbuka niliwaandikia habari za nyumba ya ziwani. Ile ya ushirika wa pamba, walimokuwa wakilala wakaguzi. Ushirika ulipoanza kuuza mali zake na kupunguza watu, mume wangu alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Yeye na wenzake wakaunganisha viinua mgongo vyao wakainunua, kabla haijachukuliwa na hawa wafanyabiashara wapya wanaonunua kila kitu chenye bati. Tuko familia kumi na tatu, na kila familia ina wiki nne kwa mwaka. Kumi na tatu mara nne ni hamsini na mbili, hesabu inakaa vizuri hata ubaoni. (Mimi ndiye niliyewapigia hesabu hiyo. Nilipigiwa makofi.)

Watu wanatushangaa. Mwalimu mwenzangu aliniuliza, "Kama mnataka kupumzika, si mwende hotelini tu? Unakuta kitanda kimetandikwa, chakula kimepikwa, unanawa mikono unakula."

Hotelini tumeshaenda. Mwaka juzi upepo uliezua paa la nyumba yetu ya Pasiansi, na Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Bukoba. Tukalala siku mbili katika hoteli moja mjini. Tukapewa vyumba vitatu, kila kimoja na ufunguo uliofungiwa kipande cha mti kizito kama rungu. Asubuhi nilimkuta Mama amekaa kitandani, amevaa, viatu miguuni, mkoba mapajani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Adventina, tumekosa nini? Mbona kila mtu amefungiwa peke yake?"

Alipoomba jiko apike ndizi, dada wa mapokezi akamwonyesha karatasi ya makatazo iliyobandikwa ukutani. Watoto wakicheka, mtu wa chumba cha pili anagonga ukuta. Saa tatu ikipita, hakuna chai. Tulitoka pale tumechoka kuwa wageni, hata sisi kwa sisi.

Nyumba ya ziwani haina maji ya bomba, na mlango wa choo unafungwa kwa kamba. Lakini ina sebule kubwa ambamo magodoro manne yanaenea, ina jiko la nje, na baraza linalotazama maji. Hakuna wa kukuuliza unapika nini. Ukiamka asubuhi, unawaona watu wako wote kwa kugeuza shingo tu.

Hicho ndicho Mama alichokitaka. Tangu Baba afariki, nyumba ya Bukoba imebaki yeye na redio. Kila barua yake ilikuwa na swali lile lile: lini nitalala na wajukuu wangu wote katika chumba kimoja? Na mwaka huu ndio ulikuwa mwaka wenyewe, kwa sababu Neema wangu anakwenda Tabora kusomea uuguzi, anaondoka wiki ijayo. Akishaondoka huyo, wadogo zake nao watafuata. Mnajua watoto wanavyotoka. Wa kwanza anaagwa kwa machozi, wa mwisho unakuta kitanda tu.

Kwa hiyo wiki hii nilikuwa naisubiri tangu Januari. Zamu yetu ya likizo ya Juni ni wiki ya ishirini na nne. Nilishusha kalenda ukutani, nikahesabu kwa kalamu nyekundu, nikazungushia duara. Siku nane zilizopita, siku ya Jumapili, baba Neema aliniuliza, "Mama Neema, zamu yetu si inaanza kesho?"

Nikamjibu, "Ni wiki ijayo. Humu ndani mwalimu wa hesabu ni nani?"

Akarudi kwenye gazeti lake.

Mama alifika jana kutoka Bukoba, na leo alfajiri tukapakia. Jirani yetu anayekwenda Geita alitupa lifti kwenye pikapu yake. Mama alikaa mbele na kuku wake kwenye kikapu, sisi nyuma na mkungu wa ndizi, mashuka na watoto. Tukavuka salama. Jirani akatushusha njia panda, tukatembea hadi ufuoni. Mama hakulalamika, na mguu wake ule unaomsumbua. Tulipoliona bati la nyumba, alisimama akalitazama kwa muda, kisha akaongeza mwendo.

Mzee Lukasi, mtunza nyumba, hakuwepo. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani kumefagiliwa, vitanda vimetandikwa. Jikoni, juu ya mkaa uliofifia, kulikuwa na sufuria kubwa ya ndizi na sato wanne wanene, imefunikwa vizuri.

Nilikuwa nimemwandikia Mzee Lukasi kwamba tunakuja na Mama, atuandalie. Machozi yalinilengalenga. "Mzee huyu ana utu," nikasema.

Baba Neema akatokea chumbani. "Kuna masanduku mawili chini ya kitanda."

"Ya nyumba hayo," nikamwambia.

"Na kanga mpya juu ya kiti."

"Ametuwekea zawadi."

"Mzee Lukasi amenunua kanga?"

"Watu wanabadilika, baba Neema."

Akanyamaza. (Mume wangu akinyamaza mara mbili juu ya jambo moja, kuna kitu. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na bado sijajifunza.) Nikaenda kunawa vumbi la safari, nikajifunga ile kanga, nikapakua.

Tulikula sebuleni, chini, tumezunguka sinia. Mama alikula kichwa cha samaki mpaka mifupa ikawa myeupe. Nami, kwa shibe na furaha, nikaanza kuhutubia. Nikawaambia watoto waone tofauti. Hotelini unakula kwa saa ya mtu, hapa unakula kwa saa ya tumbo lako. Hotelini ufunguo ni wao, hapa hata mlango tumeukuta wazi. "Hapa," nikasema, nikipiga sakafu kwa kiganja, "hakuna mtu anayeweza kuja kutuuliza ninyi ni nani."

Nikasikia miguu barazani.

Nilitoka na mwiko mkononi. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye kitambi, kaptula imelowa, taulo shingoni. Nyuma yake mwanamke mnene mwenye ndoo, na wasichana wawili wanaochuruzika maji. Walikuwa wametoka kuoga ziwani.

"Karibuni," nikasema, kwa ile sauti ninayoitumia kwa wazazi wanaoingia darasani bila taarifa. "Mnamtafuta nani?"

Yule bwana akatazama ndani kupitia begani kwangu. "Tunatafuta chakula chetu," akasema.

Nikamhurumia. "Hapa si hoteli, baba. Hii ni nyumba ya watu, tunaishi kwa zamu. Chakula kinauzwa kule mwaloni, kwa wavuvi."

Nyuma yangu kijiko kikaanguka. Baba Neema alikuja akijifuta mdomo kwa mkono, na sauti aliyotoa sijawahi kuisikia tangu siku aliyokuja kwetu kujitambulisha.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Masanja."

Alikuwa Bwana Magesa. Mhasibu mkuu wa ushirika, yeye aliyetia sahihi barua ya kumpunguza mume wangu, na ambaye naye ana fungu katika zile kumi na tatu. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani, nyuma ya meza, ndani ya suti ya Kaunda. Magoti yake sikuwa nayajua.

Mkewe hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama kiunoni. "Kanga imekukaa, mwalimu," akasema.

Hapo mtu mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikabisha. Nikasema hii ni wiki ya ishirini na nne, nimehesabu mwenyewe, na katibu wa zamu akitaka nitamletea kalenda. Bwana Magesa akafungua sanduku moja (lile la nyumba), akatoa karatasi ya zamu, akaishika kwa vidole vilivyolowa.

"Mwalimu, mwaka huu ulianza siku gani?"

"Ijumaa."

"Hiyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili yake, uliziweka wiki gani?"

"Sikuzihesabu. Wiki yenye siku tatu si wiki."

"Sisi tuliihesabu ya kwanza. Leo imeanza ya ishirini na tano. Ya kwenu iliisha jana."

Nikaanza kuhesabu upya kwa vidole. Nilipofika Machi nikaona baba Neema ananitazama kwa huruma, nikaacha.

Ndipo Mzee Lukasi akatokea na mzigo wa kuni. Aliponiona aliutua chini, uso wote ukafunguka. "Mama Neema, mmekuja? Nimewasubiri wiki nzima. Kila siku nilijaza mtungi. Jioni nawasha taa ya barazani, nasema labda kivuko kimewachelewesha."

Jamani, aibu ya samaki niliivumilia. Hiyo ya taa ndiyo iliyonikata. Wiki nzima nyumba ilikuwa yetu, vitanda vimetandikwa, maji yamejaa, hakuna mtu. Na mimi wakati huo niko Pasiansi, kila jioni nafuta siku moja kwa kalamu nyekundu, nawaambia watoto wasiwe na haraka.

Mama aliinuka polepole, akachukua kikapu, akamkabidhi Mama Magesa kuku wake. "Mwanangu, tumekula chakula chako bila kujua. Pokea huyu. Na kilikuwa kitamu, sikufichi."

Mama Magesa akaweka ndoo chini, akashika kikapu. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akasema wageni wao wengine wanafika jioni, kwa hiyo pa kulala usiku hapapo. "Lakini mama, huwezi kurudi safari hiyo bila kunyoosha mguu. Ingia ujilaze."

Mama akaingia sebuleni, akajilaza kwenye godoro lililokuwa karibu na dirisha. Kisha akawaita wajukuu, mmoja mmoja, kwa majina. Wadogo wawili wakaenda. Neema aliona haya, msichana mkubwa kulala mchana kwenye nyumba ya watu. Mama akamwita tena. Akaenda, akajilaza pembeni, miguu mirefu ikaishia kwenye saruji.

Nilisimama mlangoni na mwiko wangu. Watoto walisinzia. Mama hakusinzia. Aliweka mkono mmoja juu ya tumbo la mdogo, mwingine kwenye nywele za Neema, macho wazi, anatazama dari kama mtu anayesikiliza. Bwana Magesa alikuja kuchukua shati, akaona, akarudi kinyumenyume. Nikamsikia akiwaambia binti zake waende wakakae nje kwanza.

Yeye na mume wangu walikaa barazani. Halafu nikasikia, "Masanja, hata mimi barua yangu ilikuja. Miezi miwili baada ya yako. Hakuna aliyekuja kunipa pole."

"Pole, bosi."

"Usiniite bosi. Mkeo amenikaribisha kwenye zamu yangu na kunielekeza kwa wavuvi. Ubosi umekwisha."

Wakacheka wote wawili. Nilikuwa sijamsikia mume wangu akicheka hivyo tangu apunguzwe. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia.

Mama alijilaza pale kama saa nzima. Nikafua kanga ya watu, nikaianika, nikamwachia Mama Magesa mkungu wa ndizi. Bwana Magesa akatuleta mpaka hapa Busisi kwa Landrova yake mbovu, iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya miti tusikoiona. Njia nzima hakutaja habari ya wiki, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama angetaja.

Zamu yetu inayofuata ni Septemba. Shule zitakuwa zimefunguliwa, Neema atakuwa Tabora, na Mama hasafiri wakati wa mvua. Nimeshazihesabu siku, kisha nikampa baba Neema naye azihesabu.

Kivuko kimeonekana, kinakuja. Mama amekaa kando yangu juu ya furushi la mashuka, anatazama upande tulikotoka. Sasa hivi ameuliza kama mle sebuleni linaweza kuenea godoro la tano, mwakani, endapo Neema atapewa likizo. Amemuuliza mume wangu. Mimi hajaniuliza.

Barua hii isomeni wenyewe, msiipeleke chumba cha walimu. Na Stella, najua umeanza kucheka tangu ile kaptula. Cheka taratibu, rafiki yangu, hata shati langu la safari bado lina harufu ya sato.

Wenu,
Adventina