Povu la Ini

Profesa, ambaye hata darasa la saba hakulimaliza, alinusa riziki kwenye benchi la kliniki ya ini. Pale watu hukaa na majibu ya vipimo mapajani na hofu kifuani, na mwenye hofu, jamani, hana maswali mengi. Hapo akamkuta fundi cherehani mmoja mpole, mwenye saratani ya ini, anayesubiri kupasuliwa Jumatatu.

"Mzee wangu, wakukate kama kitambaa?" Profesa akamnong'oneza. "Njoo kesho ukumbini ujionee."

Kesho yake fundi akaja na pesa zote za upasuaji, mkewe nyuma na kikapu cha sokoni, kanuna. Ukumbi ulifurika. Profesa, ndani ya koti jeupe la kuazima, akaweka ini bichi la ng'ombe mezani, akalidondoshea matone ya kichupa. Likachemka povu jeupe.

"Mnaona? Seli za saratani zinakufa! Na vidonge vyangu vinafufua hata zile zilizochoka!"

Makofi. Fundi akatoa bahasha.

"Baba, subiri," mkewe akasema. Akachomoa kiazi kibichi kikapuni, akakipasua. "Mwanangu, na hiki kidondoshee. Hakina saratani, kitanyamaza."

Kiazi kikatoa povu.

"Mama," Profesa akasema bila kupepesa, "hiyo ni saratani ya shambani!"

Ukumbi ukaguna, ukakubali. Fundi naye akakubali. Machozi yakamlenga mkewe. Mume wake anamponyoka hivihivi, mchana kweupe. Akanyakua kichupa, akaudaka mkono wa Profesa, wenye kidole alichojikata asubuhi akisafisha ini, akadondoshea pale penye jeraha. Povu likafura.

"Mungu wangu! Profesa naye anayo! Anatuponya sisi, mwenyewe anakufa!" mke wa fundi akapaza sauti.

Huruma ya umati haina breki. Wakamlaza mezani kando ya ini, wakafungua chupa ya vidonge vyake. "Mpeni vidonge! Mpeni vyote!"

Profesa alivijua vidonge vile: unga wa mahindi, rangi, na sabuni ya kufulia vinukie kihospitali. Cha tatu kilipogusa ulimi, akasalimu amri.

"Ni sabuni! Na hayo matone ni ya kuoshea vidonda, yanatoa povu popote! Niacheni!"

Hawakumwacha. Waliokwisha kununua ndio waliomshika miguu.

Fundi akairudisha bahasha mfukoni. "Mke wangu, mimi naogopa kisu."

"Hata mimi naogopa," akasema. "Twende tukaogopee hospitali."