Babu wa Kuazima na Mvinyo wa Mazinde

Yordani wa Kwamndolwa alipomwona Richard Mhina akiigeuzageuza chupa ya mvinyo, akausoma mwaka uliochapwa kwenye lebo, kisha akafumba macho kwa raha kabla hata hajaonja, alijua riziki imebisha hodi. Ilikuwa harusini, katika ukumbi mmoja wa Korogwe. Mhina mwenyewe ana baa na ukumbi wa sherehe kule Handeni, na tangu wanunuzi wa dhahabu waanze kulala mjini kwake amepatwa na ugonjwa wa kupenda vitu vyenye historia.

"Huyu mzee anakunywa hadithi," Yordani alijiambia. Na hadithi ndiyo bidhaa pekee ambayo hajawahi kuishiwa.

Alirudi nyumbani akauza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo hapa duniani, maana utapeli mkubwa nao unataka mtaji. Akanunua madumu ya mvinyo wa bei ya chee kutoka Dodoma, akachemsha maua ya choya mpaka sufuria zikaiva wekundu, akachanganya, akaonja, akaongeza sukari, akaonja tena, akalala. Alipoamka alitangaza kwamba mseto umekamilika. Lebo zilichapwa mjini: "Mazinde Mwekundu. Mseto wa zabibu tatu kutoka shamba la kale lililofufuliwa." Ukweli ni kwamba Mazinde kuna mkonge, na ukishapita mkonge kuna mkonge mwingine. Lakini ukweli haujawahi kumlisha Yordani hata siku moja.

Kilichopungua ni mtu wa kuziunganisha zabibu za zamani na chupa za leo. Huyo alipatikana njiani. Sadala, dereva wa kirikuu kilichobeba kreti kwenda Handeni kwa Mhina, aliyekwisha kupigiwa simu, alikuwa mpiga soga, akasimulia habari za babu yake: Mnyamwezi aliyetoka Tabora enzi za manamba kuja kukata mkonge Mazinde, akazeekea huko na kuzikwa huko. Yordani, Mshambaa wa baba na mama, alisikiliza kwa adabu zote. Walipoingia Handeni, babu alikuwa amekwisha badilisha mjukuu.

"Shikamoo mzee Mhina."

"Marahaba. Ndiyo mvinyo wenyewe huo?"

"Ndiyo wenyewe. Mgiriki mwenye shamba alipanda zabibu za kwao nyuma ya nyumba. Alipoondoka, babu yangu akabaki anazitunza kimyakimya kule kwenye mkonge, miaka yote hiyo. Babu alikuwa Mnyamwezi, mzee. Mtu wa kazi. Mimi nimezifufua tu."

Sadala, aliyekuwa ameegemea mlango wa gari, aliinua kichwa. Kisha akaendelea kutafuna kijiti chake.

Mhina akaonja. Akafumba macho. "Unaisikia ardhi," akasema.

"Ardhi ndiyo hasa."

"Na moshi wa treni, kwa mbali."

"Upo, mzee. Moshi upo."

"Nachukua zote," Mhina akasema, akatia mkono mfukoni. Mkono ukasimama humo humo. "Umesema babu yako Mnyamwezi?"

"Halisi. Wa Tabora."

"Shangazi," Mhina akaita kuelekea uani. "Njoo uone. Mnyamwezi wetu kaleta mzigo."

Kwa asiyejua, Wazigua, kabila la Mhina, na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakuvua kofia, akaondoka na kuku wako, na kazi yako wewe ni kucheka. Ukinuna, umewaaibisha wa kwenu wote. Yordani aliujua utani huo kwa kuusikia tu, kama mtu anavyojua mambo ya nyumba ya jirani.

Bibi Mwaija, shangazi mwenyewe, alitokea na kanga kiunoni, wapishi wake wakimfuata. "Nani kamruhusu mtumwa wangu kuvaa viatu vizuri kuliko mwanangu?"

Yordani akacheka. Alidhani kicheko kitailainisha biashara, akavua viatu na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Na hizi kreti?"

"Mzee Mhina ananunua, bibi."

"Ananunua mali yake mwenyewe? Shusheni. Mimi kileo siweki mdomoni, lakini kugawa najua."

Kreti zikashuka. Mhina akautoa mkono mfukoni, mtupu, na uso wa msiba. "Mila ni mila, mjukuu wa Mazinde. Ningefanyaje?" Yordani alicheka kreti ya kwanza ilipopita, akaicheka ya pili, na ilipofika ya mwisho kicheko kilikuwa kimebaki meno tu. Pikipiki yake yote ilikuwa inaingia stoo ya watu kwa vigelegele.

"Bibi, ngoja," akasema. "Ukweli, mimi ni Mshambaa."



"Basi babu si Mnyamwezi," Mwaija akasema.

"Siyo."

"Na zabibu alizitunza nani?"

Mhina akaitazama glasi yake. "Na hiki nilichokunywa ni kitu gani?"

"Mwenyekiti wa mtaa yuko hapo jirani," Mwaija akasema kwa upole. "Aje atusaidie kujua."

"Ni Mnyamwezi," Yordani akasema haraka. "Nilikuwa natania. Mimi Mnyamwezi mpaka kwenye mifupa."

"Haya. Nimekumalizia mali, Mnyamwezi. Na wewe utanifanya nini?"

Yordani akatupa macho huku na huku. Kwenye uzio alikuwa amefungwa beberu mmoja mnene. "Bibi," akasema, "basi nami naomba yule mbuzi."

Walicheka mpaka mpishi mmoja akakaa chini. "Anaomba," Mwaija akasema, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mtani anaomba ruhusa."

Wakiwa bado wanacheka, Sadala alitema kijiti, akavuka ua, akamfungua beberu, akampakia kwenye kirikuu. Akarudi jikoni, akabeba sufuria ya pilau, akaiweka kiti cha mbele. Hakumwomba mtu.

"Mwizi wewe," Mwaija akasema, na uso ukamng'aa kwa furaha. "Kumbe wewe ndiye wa kwao."

"Babu yangu alikufa akilalamika kwamba Wazigua hawajui kupika," Sadala akasema. "Nakwenda kuhakikisha."

Vigelegele vikapigwa upya. Yordani akaenda peku mpaka mlango wa mbele wa gari.

"Hapo pamekaa pilau," Sadala akamwambia. "Nenda nyuma, kamshikie mbuzi wangu."

Gari lilipoanza kuondoka, Mhina alilifuata mpaka barabarani, glasi mkononi.

"Kijana," akasema, "ule mseto mtamu kweli. Choya imekaa vizuri. Leta tena mwezi ujao, ila uje ukiwa Mshambaa. Mshambaa tunamlipa."