Kuhusu Mume Wangu na Masomo Matatu Aliyokosa

Kwako Baba Mchungaji,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi hatujambo, isipokuwa maharage hayajaiva, maana sasa hivi binti yangu amemimina kikombe chake cha maji ya kunywa kwenye jiko la mkaa. Majivu yametapakaa hadi dirishani. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu bila hata kunitazama, "Nampunguzia Baba."

Ana miaka minne. Jumapili mwalimu wao aliwafundisha kwamba asiyebatizwa huenda motoni, na baba yake, kama ujuavyo, alifariki kabla ya kubatizwa. Tangu siku hiyo mtoto hamalizi maji yake. Mimi niliishia darasa la sita, Maandiko siyajui kama ninyi, lakini kwa heshima zote nina malalamiko, na nimeyapanga.

1. Masomo ya ubatizo ni kumi na mawili. Marehemu alihudhuria tisa. Shuleni kwetu hata mwalimu wa hesabu, mkali kama pilipili, alichapa kwa maswali uliyokosa. Hakuchapa kwa yale uliyopata. Kwa hiyo naomba mume wangu achomwe robo tu, yaani kuanzia magotini kushuka. Ikishindikana, basi miezi mitatu kila mwaka, na iwe ile ya baridi.

2. Alikuwa mwokaji mikate. Miaka saba amesimama mbele ya tanuri. Kumtia huyo motoni ni kumrudisha kazini. Atauliza unga uko wapi. Kama nia ni kumwadhibu kweli, akalishwe kwenye kikao cha wazee wa kanisa tangu sala ya kufungua mpaka ya kufunga.

3. Hayo masomo matatu hakuyakosa kwa ulevi. Yaliangukia zile Jumamosi kanisa lilipoagiza mkate wa Meza ya Bwana, na mwokaji ni yeye. Mkate ule mliula. Sasa kama kukosa somo ni dhambi, mkate umetoka kwenye dhambi, na mlaji ameshiriki. Mzee wa kanisa mwenye miwani alichukua vipande viwili; nilimwona, na kuona si kosa. Siombi mchomwe, Mungu apishie mbali. Naomba tu moto wa mume wangu ugawanywe kwa walaji wote. Mlikuwa zaidi ya mia mbili, kila mmoja atapata joto la kikombe cha chai. Wewe Mchungaji utavumilia.

4. Mwanangu akikosea namkalisha kwenye kigoda, na kabla maji hayajachemka nimeshamwinua, kwa sababu naumia kuliko yeye. Huruma yangu mimi ni ya kijiko. Mwenye chungu inamshindaje, hata achome milele?

Kwa hayo yote naomba jambo moja. Uje nyumbani, uchuchumae mpaka macho yako yafike kwenye macho yake, umwambie baba yake haungui. Mimi nimeshamwambia, akasema mimi si mchungaji.

Nisalimie Mama Mchungaji, wazee wote, mwenye miwani akiwemo, na mwalimu wa watoto, ambaye simchukii. Nategemea utakuja.

Ni mimi mwanao katika imani,
Mjane wa mwokaji.

Nyongeza: Baba Mchungaji, nilikuwa nimeshaikunja barua. Binti ameingia analia, ana alama za meno mkononi, nimezihesabu ni sita. Ni yule mtoto wa fundi viatu, jirani yetu. Kamwambia baba yako ameshakuwa mkaa, kisha akamng'ata. Kwa hiyo yale ya robo na ya kugawana yaweke kando kwanza. Moto ubaki ulivyo, mzima, umngojee huyo, usipunguzwe hata cheche, na kama kuni zimepungua mimi nitaleta. Huo umilele nilioulalamikia naona ni wa kiasi tu. Mama mkwe ananiita uani, anasema huyo mng'ataji amejikwaa ngazini, goti linatoka damu, na hataki kushikwa na yeye. Naenda, lakini iandikwe kwamba huyu hasamehewi kamwe, isipokuwa labda akinyamaza, maana hivi anavyolia anaita mama, na mama yake yuko kazini, sasa hapa uani mama ni