Uzinduzi wa Kituo cha Bia ya Cheri, Zuurbeke

(Mheshimiwa Omer Callewaert, Diwani wa Bia, Baiskeli na Barabara, anapanda jukwaani. Bendi ya tarumbeta inanyamaza, isipokuwa mpiga ngoma kubwa, ambaye hajamwona.)

Mheshimiwa Meya, ambaye umepata udhuru lakini kofia yako ipo. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkoa, uliyeacha shughuli nzito kule mjini Bruges ukaja kukanyaga tope letu. Baba Paroko, uliyekubali kufupisha misa kwa ajili ya maendeleo. Bwana Achiel Tanghe, Mwenyekiti wa Klabu ya Njiwa wa Mashindano, ambaye pia ni shemeji yangu na ambaye nilimwomba tangu asubuhi asifungue mdomo. Mama Godelieve Vanneste, mpika bia wetu, mjane wa marehemu Jozef, uliyeketi hapa chini ya jukwaa na majagi yako. Waheshimiwa waendesha baiskeli, mliofika na mlioanguka njiani. Majirani zetu wa Oostrode, mliovutwa hapa na jibini la bure. Mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa kwa kiwango cha juu kabisa.

(Makofi. Mtu wa Oostrode anauliza haradali iko wapi.)

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba yangu mimi mwenyewe, nasimama mbele yenu katika siku hii adhimu kuzindua rasmi, kwa kuionja hadharani, bia ya cheri itakayokuwa kitovu cha Kituo cha Kimataifa cha Uonjaji, Uhifadhi na Uendelezaji wa Bia Chachu Iliyotiwa Utamu, kituo ambacho, kama mnavyokiona hapa nyuma yangu na matofali yake mekundu, madirisha yake marefu na mnara wake, ni zao la mchakato shirikishi, upembuzi yakinifu, semina elekezi, na maono ya mtu mmoja ambaye unyenyekevu unanizuia kumtaja.

(Achiel: “Mtaje tu, Omer, sote tunamjua!” Vicheko.)

Nitamtaja baadaye. Sasa, Mama, naomba glasi.

(Mama Godelieve anammiminia. Mheshimiwa anakunywa. Jicho la kushoto linajifumba lenyewe. Anasoma karatasi yake.)

Kama mnavyoona usoni mwangu… ni tamu. Ni laini. Ni… inabembeleza.

(Achiel: “Inabembeleza nini, umekunja uso kama buti kuukuu! Hiyo ni ya pipani, haijatiwa cheri wala sukari!” Watu wanashika mbavu.)

(Mama Godelieve: “Jamani, nisamehe mwanangu, uzee huu, nimeshika jagi silo. Chukua hii. Inywe yote, ile ya kwanza itoke mdomoni.”)

Asante, Mama. (Anakunywa yote.) Ahaa. Hii sasa, ndugu wananchi, ndiyo sera yetu katika hali ya kimiminika. Cheri inatangulia mlangoni kama bibi harusi, utamu unamshika mkono, halafu unapodhani sherehe imekwisha, uchachu unaingia nyuma kama shangazi asiyealikwa, anakufinya shavu, na wewe mwenyewe unamwomba arudie. Pipa la mwaloni nalo linasikika kwa mbali, kama ngazi za nyumba ya bibi. Hili sikuliandika. Limekuja lenyewe.

(Makofi ya kweli. Mama Godelieve anajaza tena.)

Nirudi kwenye takwimu. Utafiti huru uliofanywa na ofisi yangu, ndani ya ofisi yangu, umebaini kwamba asilimia tisini na tisa ya wakazi wa Zuurbeke wanauunga mkono mradi huu kwa moyo mkunjufu, na waliosalia ni Achiel. Kituo kitapokea watalii wengi kuliko idadi yetu sote tukiwajumlisha ng'ombe na njiwa, watakaokuja kwa mabasi marefu yenye viyoyozi, na basi refu, waheshimiwa, halipiti penye uchochoro. Kwa hiyo, kwa uchungu mkubwa lakini kwa mtazamo chanya, natangaza kwamba Jumatatu asubuhi mashine itaingia katika bustani ya Mama Godelieve, hapo ng'ambo, kung'oa miti ya cheri na kupisha barabara.

(Watu wanageuka kuitazama miti, ambayo imechanua yote.)

(Mama Godelieve: “Miti hiyo Jozef aliipanda mwaka tuliooana.”)

Na serikali inalitambua hilo, Mama. Ndiyo maana barabara itaitwa Barabara ya Cheri.

(Sauti: “Aibu!” Achiel: “Na cheri za kutia kwenye bia mtazitoa wapi, shemeji?”)

Zitaagizwa kimkakati kutoka nje, kwa mfumo wa kidijitali. Swali zuri. Tusiendelee na maswali.

(Upepo unavuma kutoka mashambani. Ukuta wa matofali nyuma ya mheshimiwa unajikunja kidogo, kisha unajinyoosha.)

(Mwakilishi wa Mkoa: “Mheshimiwa Diwani, jengo lako linapumua?”)

Ni teknolojia ya kisasa, Mheshimiwa, ujenzi nyumbufu unaostahimili tetemeko la ardhi. Mama, hii bia ina nguvu kiasi gani? Magoti yangu yanajadiliana.

(Mama Godelieve: “Nguvu gani, mwanangu? Juisi tu hii. Wanakwaya wanaishushia keki. Kunywa, koo lako limekauka kwa kazi ya kututumikia.” Anajaza mpaka povu la waridi linamwagika. Baba Paroko anaangalia angani.)

(Mheshimiwa anakunywa taratibu, kisha anabaki ameitazama glasi.)

Mnaijua bia hii, nyinyi? Mimi naijua. Haimo katika karatasi hii, lakini naijua. Siku tuliyomzika baba yangu, mvua ilikuwa inanyesha kama ilivyo ada yake, nyumba imejaa watu wanaosema maneno marefu, wengi wao wanasiasa. Jozef Vanneste akaja na pipa lake zima kwenye mkokoteni. Hakusema pole, hakusema chochote. Aliliweka ukumbini, akaingia jikoni, akakaa na mama yangu Irma akimenya viazi mpaka jioni. Nikaonjeshwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuhisi kitu kitamu, na ule uchachu wake ndio uliofanya niuamini utamu.

(Achiel amevua kofia.)

(Mama Godelieve anasimama: “Basi niambie mbele ya watu hawa, Omer mwana wa Irma. Miti yake ni lazima ing'olewe?”)

Mama, suala hilo linahitaji mtazamo mtambuka…

(Mama Godelieve: “Ni lazima, au si lazima?”)

Kamati ndogo ya kamati kuu ilipendekeza…

(Mama Godelieve: “Omer.”)

Si lazima, Mama.

(Umati unaguna.)

Si lazima hata kidogo! Ngojeni niseme, kwa vile tayari ulimi wangu umeshafungua milango yote. Mradi huu una vipengele vingi kuliko makanisa ya Flandria yetu nzima, na katika vyote hivyo, kung'oa miti ndicho pekee tulichoweza kukitekeleza! Jengo linahitaji fundi. Mapipa yanahitaji mtu anayejua bia. Lakini mti uking'olewa, wananchi wanaona shimo, wanaona tope, wanasema, eeh, kazi imeanza, Omer si mtu wa maneno! Na uchaguzi ni mwezi wa kumi.

(Kelele. Achiel: “Nilisema! Nilisema mimi!” Mke wa Achiel anamfinya.)

(Mwakilishi wa Mkoa anaomba naye glasi.)

Waheshimiwa, utulivu! Utulivu, tumalizie kwa kaulimbiu za kitaifa, maana zimechapwa kwenye fulana. Nikisema “Zuurbeke”, mnasema “Chachu kwa Maendeleo”! Zuurbeke!

(“Miti ibaki!”)

Siyo hiyo. Zuurbeke!

(“Miti ibaki!” Bendi inapiga. Mpiga ngoma kubwa anajitahidi kuliko wote.)

Sawa. Ina vina vizuri kuliko yetu.

Nimalizie kwa shukrani za dhati. Namshukuru mwenye mashine ya kung'oa miti, na kama ananisikia, namwomba Jumatatu alale hadi saa sita, na Jumanne vilevile, na akiamka aende kuvua samaki. Nakishukuru kikundi cha maigizo cha Oostrode kwa kutuazima pazia hili kubwa lililochorwa matofali, madirisha na mnara, wanalolihitaji kesho kwa onyesho lao la watoto, hivyo yeyote aliyelimwagia bia alifute kwa maji baridi. Nawashukuru wafadhili kwa imani, wataalamu kwa kutofika, na Mama Godelieve kwa kuipika kwa mikono yake, katika ghala lake, kwa cheri za miti yake, hii bia ambayo juu ya chupa zake ofisi yangu ilibandika nembo yetu jana mchana wakati yeye amekwenda sokoni. Nembo inabanduka kwa urahisi, Mama. Gundi tuliyonunua ni ya bei ya chini.

Mwisho kabisa namshukuru Bwana Clovis Deprez kwa kuturuhusu kusimama kwenye ardhi yake, na kwa wale wote mnaotaka kwenda kuangalia nyuma ya pazia, anaomba, na mimi nasisitiza kwa mamlaka niliyonayo, mpite kwenye mifereji, kwa sababu huko hakuna kituo wala msingi wa kituo, kuna viazi, na ndiyo kwanza vinachipua.

Asanteni kwa kunisikiliza.