Mimi, Tabasamu na Koki Kubwa

Jumatatu, 3 Juni

Ameanguka, ila siye. Nilimlegezea Rais kiti, akaenda kukaa Katibu.

Mpango ulikuwa safi kabisa. Nalegeza skrubu asubuhi, watu hawajaingia. Rais wa wanafunzi anakaa, kiti kinayumba kidogo tu, anashtuka. Mimi hapo mlangoni na bisibisi. Nakaza. Ananiuliza jina. Basi, yameisha.

Jambo moja sikuliwaza. Mwaka mzima nafagia ile ofisi na sijawahi kumwona Rais amekaa. Anasimama, anapeana mikono, anashika tai, anatoka. Kiti chake ni cha kutundikia koti. Leo Katibu kaja kachoka, kajitupa pale kwa uzito wake wote. Puu! Miguu juu, karatasi kila kona.

Nikakimbia na bisibisi. Nafika, Tabasamu kashaleta kiti kingine, anampangusa Katibu mgongo, pole kaka, pole sana kaka. Katibu akamwambia ofisi hii bila yeye ingekuwa imeshakufa. Mimi nikaambiwa nitoe kile kibovu nje.

Niandike hapa kwa nini nahangaika, nisije nikajiona mwehu siku nikisoma. Mimi na Tabasamu ni vibarua wa ofisi ya serikali ya wanafunzi. Yeye chai, mimi viti na usafi. Jumamosi hii viongozi wanamaliza muda wao. Siku ya kuaga wanapanda jukwaani, kila mmoja anasema chuo kimemfundisha nini, halafu wanamtaja mfanyakazi mmoja aliyewahudumia vizuri. Ndiyo desturi yao. Anayetajwa, chuo kinamwajiri. Asiyetajwa anaondoka pamoja na serikali yake.

Tabasamu ana jina lingine lakini hakuna anayelijua. Hata umkanyage anatabasamu. Mimi wananiita Dogo wa Viti. Wengine hata hilo hawalijui, wananiita "wewe hapo".

Jioni wamefanya kikao cha dharura juu ya kile kiti. Wameamua mpaka Jumamosi vikao vyote ni vya kusimama, kuonyesha kuwa wako pamoja na wanafunzi wanaokosa viti madarasani. Rais alishika tai akasema jambo hili alikuwa nalo moyoni siku nyingi. Akishika tai anadanganya. Nimeshamsoma.


Jumanne, 4 Juni

Hapa kwa dada ninapoishi, shemeji ameuliza kule kwa bibi siku hizi mashamba analima nani. Ameuliza tu, huku anakata kucha. Dada akainamia sufuria, akasugua mahali palipokuwa safi. Mdogo wake shemeji anakuja mwezi ujao, na kochi ninalolalia ni moja.

Nimeelewa. Nikikosa ajira Jumamosi, ni jembe.

Dada kanifuata nje. Kaniambia niache kuhangaika, niende nikamwambie Rais kwa mdomo. Eti mtu hafi kwa kusema. Kwake ni rahisi, yeye akianza kuongea na jirani chakula kinaungua. Mimi shule niliacha darasa la sita, siku mwalimu aliponiambia nisimame nisome kwa sauti. Nilisimama, nikapitiliza mlangoni mpaka leo.

Haya, nikajaribu. Nikajifunza mbele ya kioo cha choo cha ofisi. Mheshimiwa, naomba unikumbuke Jumamosi. Maneno manne tu. Kioo kikanielewa kabisa.

Nikamkuta Rais dirishani. Mheshimiwa, nikasema. Akageuka, akaniangalia usoni, sijui kama ameshawahi. Ulimi ukakauka kama gunia.

"Chai?" nikasema.

Akasema ndiyo, asante, isiwe na sukari nyingi.

Ikabidi nikamimine. Ndiyo Tabasamu anaingia, ananikuta nimeshika chupa yake ya chai, kikombe chake, kijiko chake. Alitabasamu.


Jumatano, 5 Juni

Mikono haishiki kalamu. Naandika hivyo hivyo.

Kusema siwezi, basi nimerudi kwenye matendo. Nyuma ya bweni la wasichana, kwenye kona ya ukuta, kuna koki kubwa ya maji ya bweni zima. Ina kutu, kichwa chake kinacheza, ukivuta vibaya kinakubakia mkononi. Nikaifunga alfajiri. Mpango: wanaamka, hakuna maji, kelele. Napita mimi na spana kama mtu mwenye safari zake. Nauliza kuna nini. Nafungua. Wanashangilia.

Kelele zilikuja vizuri sana. Nikatoka na spana. Kabla sijakata kona, Waziri wa Malazi huyu hapa, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti imeshakauka, anapanga watu mstari kutoka tangi la bustanini mpaka mlango wa bweni. Ni msichana mwembamba, mambo yote anaandika kiganjani. Akanishika mkono wa shati.

"Kaka, una mikono wewe. Ingia hapa."

Nikaingizwa kati ya msichana mwenye kilemba kilicholowa na jitu moja la timu ya mpira. Ndoo ikaja. Nikapokea, nikapitisha. Ikaja nyingine. Koki naiona! Iko pale, ukuta ule, ningerusha kandambili ningeigonga. Lakini kila nikitaka kuchomoka, ndoo hii hapa mikononi, na huwezi kuweka chini maana nyuma yake kuna nyingine.

Asubuhi nzima. Jitu la mpira likaniambia nabeba kama bibi harusi, mstari wote ukacheka. Msichana wa kilemba akaliambia lenyewe linabeba kama bwana harusi aliyekimbiwa. Hapo nikacheka na mimi, bahati mbaya.

Alikuja mmoja anakimbia, ana mtihani. Kanawa uso kwenye ndoo yangu, kapangusa na mkono, kaondoka na povu la sabuni sikioni. Yule sikupenda kumwona.

Rais naye kaja. Amebeba ndoo moja, kutoka kwa mpiga picha mpaka ukutani, akaiweka. Tabasamu akapita na chai, mstari mzima ukampigia makofi. Kwa chai! Mimi nimeloa mpaka kiunoni.

Jioni walipotawanyika ndipo nikapata nafasi ya kufungua. Nilisahau kuwa maji yalipokatika wote waliacha mabomba wazi. Ghorofa zote. Maji yakashuka ngazi kama yametumwa. Waziri yule yule, suruali imekunjwa magotini, anapiga deki. Ningefanyaje? Nikachukua tambara. Tumepiga deki mpaka magharibi, yeye ngazi za juu, mimi za chini. Hakuna aliyeniuliza jina.


Ijumaa, 7 Juni

Leo nilikuwa na mpango mzuri kuliko yote, wa maiki ya ukumbini. Kulegeza waya, maiki inakufa katikati ya hotuba, natokea. Lakini malengelenge yamepasuka, bisibisi haishikiki. Maiki imepona.

Tumepanga ukumbi mimi na Tabasamu. Kila kiti nilichoweka alikuja nyuma akakisogeza kidogo. Halafu, huku anapiga pasi vitambaa vya meza, ananiambia fundi wa chuo anashangaa. Ile koki haijaguswa miaka, imeota kutu yote, lakini kichwani inang'aa kama imesuguliwa na mkono wa mtu.

Akatabasamu.

Nikasema labda mvua. Akasema labda. Akachomoa kikopo cha mafuta mfukoni, akanipa, nipake viganja.

Ana maana gani? Nimepaka. Yanasaidia. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu akitaka kukuchongea akuchongee, sio anakupa mafuta halafu unabaki unajiuliza.

Nyumbani shemeji amepima kochi kwa kamba.


Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu maana kichwa kinazunguka.

Ukumbi umejaa. Mimi nimesimama pembeni ukutani, kazi yangu kuongeza viti. Tabasamu mbele, shati jeupe, anamimina maji ya viongozi. Mama mlezi wa wanafunzi yuko safu ya kwanza na miwani yake.

Akaanza Katibu. Akasema chuo kimemfundisha kuanguka na kuinuka. Akasimulia kile kiti. Kilivyosimuliwa pale, kilikuwa mtihani wa uongozi. Kikao kizima kikasimama kwa ajili ya wanyonge. Watu wakapiga makofi. Nikatazama viatu vyangu.

Akaja Rais. Mwaka mzima yule bwana nimemwona anafungua warsha na kufunga warsha. Leo hakutaja hata moja. Ametaja siku ya ndoo, ameitaja mpaka nikadhani alikuwa mstarini na yeye. Alishika tai muda wote.

Hapo nikaanza kuona jambo. Serikali nzima, mwaka mzima, haikuwa na la kusimulia. Walichonacho ni wiki hii tu. Na wiki hii ni yangu! Kiti changu, koki yangu, mafuriko yangu. Wanagawana mimi, kila mtu na kipande chake, na mimi nimesimama ukutani na viti vya plastiki.

Nikajiambia, nanyoosha mkono. Nasema. Mkono ukakataa.

Mwisho akapanda Waziri wa Malazi. Hakuwa na karatasi. Kasoma kiganja, akakifunga, akaanza mwenyewe.

"Nilikuja hapa kutafuta cheti," akasema. "Mwaka mzima nimekuwa waziri wa kuandika barua. Mpaka maji yalipokatika ndipo nikajua jina la msichana wa chumba cha jirani. Ndoo yangu ndiyo ilikuwa inakwenda kwake."

Yule msichana wa kilemba alikuwa analia safu ya katikati, na jitu la mpira linatazama dari. Kama ningesema wakati ule ningewanyang'anya. Nikanyamaza. Kunyamaza naweza.

Halafu akasema wao viongozi wamekubaliana nani wa kutajwa. Tabasamu akaweka jagi chini, akanyoosha kola.

"Kwenye mstari palikuwa na kijana, si mwanafunzi. Asubuhi nzima hakusema neno wala hakuweka ndoo chini, na jioni akabaki kupiga deki. Nimekaa naye jengo moja mwaka mzima na jina lake silijui. Hilo ni kosa langu."

Akanyoosha kidole upande wangu. Watu wote wakageuka. Na mimi nikageuka kumtafuta huyo kijana. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Wakanisukuma mpaka jukwaani. Mama mlezi kanipa mkono. Rais kanipa maiki, akasema bwana mdogo, waambie chochote. Ukumbi mzima, macho yale yote. Nikaitafuta asante. Ilikuwa haipo.

"Chai?" nikasema.

Wamecheka mpaka viti vikasogea. Wakapiga makofi, wakasimama.

Nje Tabasamu akanikumbatia. Akasema anafurahi kweli, nilistahili. Nimemchunguza sana uso wake. Uongo sikuuona, lakini nitaendelea kuangalia.

Nyumbani dada amelia, kaniambia: "Umeona, mdogo wangu? Umebeba ndoo, wamekuona. Hukuhitaji kitu kingine." Shemeji akasema mdogo wake ni kijana, atalala chini.


Jumatatu, 17 Juni

Nimeajiriwa! Koti la kazi limenizidi mikono, lakini ni la chuo, lina nembo.

Ila kuna jambo. Mama mlezi amenieleza kuwa miezi ya kwanza ni ya majaribio, halafu Rais mpya ataulizwa kama nafaa. Na Rais mpya ni msichana ambaye hainui kichwa. Anakaa tu, anasoma. Nimefagia miguuni kwake wiki nzima, anainua kiatu kimoja, anashusha, anainua kingine. Tabasamu naye karudi. Rais mpya kamchukua tena kibarua wa chai, na yeye alishajulikana jina siku ya kwanza! Nimeshangaa. Kumbe anaitwa Amani, hivyo tu.

Dada anasema nifanye kazi yangu tu, nitaonekana kama nilivyoonekana. Dada nampenda, ila mambo ya ofisi hayajui. Mimi nimekaa nikapima. Kiti hakikunipa kitu. Chai haikunipa kitu, isipokuwa kuchekwa. Kilichonipa ajira ni koki. Ningeiacha wazi siku ile, nani angebeba ndoo?

Kosa langu lilikuwa moja. Nilifunga. Ukifunga, watu wanakwenda kutafuta maji mbali na ofisi. Safari hii nafungua. Humu stoo linapita bomba la ofisi, lina koki kama ile, ndogo yake, kutu ile ile. Nimeilegeza kidogo tu. Maji yapite chini ya mlango polepole, yafike kiatuni kwa Rais, ainue kichwa. Natokea na spana. Nakaza. Ananiuliza jina.

Nimekaa juu ya ndoo, nasubiri, ndiyo maana naandika mchana.

Kidogo imekuwa nyingi. Kichwa cha koki kimechomoka. Ninacho mkononi, nimejaribu kukirudisha, hakirudi, na maji yananipiga kifuani. Karatasi nimeinyanyua juu ya rafu.

Nasikia sauti ya Rais, mara ya kwanza anapaza sauti tangu aje. Anaita watu wapange mstari kutoka ofisini mpaka nje, ndoo zije, maji yatolewe. Amesimama! Nasikia na Tabasamu, anagonga mlango wa stoo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayeleta chai. Anasema mstari umekamilika, umebaki mwanya wa mtu mmoja, kati yake na Rais, na wote wanauliza Dogo wa Viti yuko wapi.

Lazima niondoke sasa. Maji yamefika magotini, ndoo niliyokalia ndiyo wanayoitafuta, na kichwa cha koki sijapata pa kukificha isipokuwa mfuko wa koti la chuo.