Uzinduzi Rasmi wa Mradi wa Kumwambia Mama

Mheshimiwa Ndoo Kubwa, Gavana wa Maji ya Mvua; naibu wako mchapakazi, Bwana Jagi; Mstahiki Beseni, ingawa umepasuka pembeni na siku hizi huhudhurii vikao vya maji moto; Balozi Sabuni ya Kipande; Wazee wa Baraza la Miswaki, wote wanne, pamoja na yule wa mjomba Abubakr, aliyeondoka tangu Idi akaacha mwakilishi; mabibi na mabwana Kandambili, wa kushoto na wa kushoto, kwani wa kulia hawajulikani waliko; wageni waalikwa, na nyinyi msioalikwa mlioko ukutani kwa miguu minane; itifaki yote imefuliwa na kuanikwa, kwa hiyo kila mtu ajihesabu ametajwa. (Makofi. Bomba linadondosha tone moja la heshima.)

Mimi, Asmaa binti Idrisi wa kidato cha tatu, Mwenyekiti Mtendaji, Katibu Mkuu, Msemaji Rasmi na mwanachama wa pekee wa Tume ya Bilirubini, nasimama mbele yenu katika bafu hili la kihistoria, hapa Majimbo, mjini Embu, Jumamosi hii saa sita na nusu mchana, nikiwa nimefunga komeo kwa sababu za kiusalama, ili kuzindua rasmi mradi ambao haujawahi kuonekana katika nyumba hii tangu uhuru, yaani Mradi wa Kumwambia Mama. (Vigelegele. Sabuni inateleza kwa furaha.)

Ndugu wananchi, kwa wale ambao hamkubahatika kusoma ripoti, nirudi nyuma kidogo. Jumatatu iliyopita tumbo langu lilifanya maandamano bila kibali, likajaa gesi, likanguruma katikati ya somo la Historia mpaka mwalimu akauliza ni nani ameingiza pikipiki darasani, na mimi, ambaye kwa miaka mitatu nimekaa kiti cha nyuma nisijulikane, nikageukiwa na watu arobaini na wanane kwa mpigo. Ruguru, jirani yangu wa dawati, akaniangalia, akasogea karibu, akaniangalia tena. "Wewe, kwani macho yako imekuwa rangi ya custard?" (Aibu! Aibu!) Nikapelekwa kituo cha afya na mwalimu wa zamu, nikatolewa damu, na Jumatano nikakabidhiwa karatasi inayosema kwamba bilirubini yangu imepanda kidogo: mwisho ni ishirini na moja, mimi nina thelathini na nne, na vipimo vingine vyote vya ini viko sawa.

Sasa, bilirubini ni nini? Swali zuri sana, Mheshimiwa Jagi. Kwa mujibu wa Daktari Njagi, aliyenieleza polepole kama mtu anayemlisha kuku mgonjwa, chembe nyekundu za damu, kama watumishi wengine wa umma, hufika umri zikastaafu, na zikistaafu huacha taka ya rangi ya manjano, na ini ndilo wizara inayopokea taka hiyo, kuisafisha na kuitoa pamoja na nyongo. Kuna watu ambao wizara yao hiyo imezaliwa na upungufu wa wafanyakazi. Wakila na kunywa vizuri kazi inaenda, lakini wakikaa na njaa, wakikosa maji au wakiugua, foleni inafika hadi barabarani na macho yanageuka manjano. Haiambukizi, akasema, na mara nyingi haina madhara. Tume yangu iliyasikia maelezo yote hayo, ikashukuru, ikatoka nje, na ikafika nyumbani na maneno mawili tu: "mara nyingi." (Mzee Mswaki wa Kijani anainamisha kichwa.)

"Na tumbo, daktari?"

"Tumbo laweza kuwa kesi nyingine. Vitu viwili vikifika siku moja si lazima viwe ndugu. Umekuwa ukifunga?"

Nikakubali. Nilikuwa nalipa siku zangu za Ramadhani, na sababu ya kuwa na deni hilo ni siri ya serikali, Bwana Beseni, usiniangalie hivyo.

"Daku unakula?"

"Usingizi hunishinda."

"Na jioni unafungulia nini?"

"Bhajia."

"Na nini?"

"Githeri."

"Na nini tena?"

"Zile bhajia zilizobaki."

Akacheka hadi kalamu ikaanguka. Kisha akaacha kucheka, akasema hataki kukisia: nipumzike kufunga kwanza, nile vizuri, ninywe maji, niache mafuta mengi, na Jumatatu saa mbili asubuhi nije na mzazi turudie kipimo. Tena niulize nyumbani kama kuna mtu ambaye macho yake hufanya hivyo akishinda njaa. Bila mzazi, akasema, hanitoi hata tone.

Jumatatu, ndugu wananchi, ni keshokutwa. Ndiyo maana serikali yangu haikulala, bali ilianza mara moja na awamu ya majaribio, ambapo stakeholder wa kwanza kufikiwa alikuwa Baba, kwenye bucha, akiwa anakata mfupa wa paja kwa msumeno, mbele ya mteja mmoja tu, Mzee Nyaga, fundi wa cherehani.

"Baba," nikasema, kwa sauti ambayo hata nzi hakuhama, "nimepimwa. Bilirubini yangu imepanda kidogo."

"Imepanda?" Msumeno ukasimama. "Kutoka ngapi?"

"Mwisho ni ishirini na moja. Mimi nina thelathini na nne."

Baba akaweka msumeno chini. Akapangusa mikono. "Thelathini na nne juu ya ishirini na moja! Nyaga, umesikia? Mtoto amepita mwisho!"

"Hiyo bilirubini ni ile somo mpya ya serikali?" akauliza Mzee Nyaga.

"Lazima. Siku hizi wanasoma vitu, bwana."

"Wangu hata hesabu ya zamani imemkataa. Hongera, msichana. Ni akili ama ni tuition?"

(Wananchi wanacheka. Mwenyekiti anaomba utulivu.) Mimi nikafungua kinywa. Na hapo Baba akanishika bega kwa mkono unaonuka mafuta ya ng'ombe, akasema, "Mashallah. Endelea kuipandisha hivyo hivyo." Nikafunga kinywa. Akachukua chaki, akaenda kwenye ule ubao wa bei ulio mlangoni, na hadi leo mtu yeyote anayekwenda sokoni anasoma: MATUMBO, MAINI, KICHWA NA MIGUU, HONGERA ASMAA BILIRUBINI 34/21.

Naomba nitoke nje ya hotuba niliyoandikiwa na mimi mwenyewe. Jina langu halijawahi kuandikwa ubaoni isipokuwa kwenye orodha ya wapiga kelele, na hapo palikuwa na makosa, maana alikuwa Asmaa mwingine. Tangu Alhamisi watu wananisalimia kwa jina. Mwenye duka la mbele alinipa peremende. Baba anatembea amenyoosha shingo. Sasa ndugu wananchi, mtu anamwambiaje baba kama huyo kwamba alichokiandika kwa chaki, chini ya maini, ni hitilafu ya ini? (Hata bomba limejizuia.)

Hata hivyo serikali sikivu haikati tamaa. Tulihamia awamu ya pili, ya Mama mwenyewe, ambayo takwimu zake ni za kujivunia: kati ya Alhamisi na leo tumefungua kinywa mara kumi na saba na kukifunga mara kumi na saba, ufanisi wa asilimia mia moja. Ijumaa tulifanya public participation jikoni, wakati Mama akimenya kitunguu saumu. "Mama," nikasema. "Nini?" "Chumvi iko wapi?" "Si hiyo mkononi mwako?" Tukaahirisha kikao. Leo asubuhi tulifika hadi herufi ya B. "Mama, bi..." "Bizari iko juu ya kabati, niletee yote, leo ni siku yako." Kwa maana wananchi, Mama anapika pilau ya kusherehekea bilirubini yangu, pilau yenye mafuta ya kuangaza kama taa ya stima, na Baba yuko sebuleni na Mzee Nyaga, aliyekuja na familia yake akinuka marashi, na mimi ndiye nitakayepakuliwa sahani ya kwanza, na tumbo langu tayari limeitisha mkutano wa dharura.

Kwa hiyo naahidi, mbele ya Ndoo na mbele ya Sabuni, kwamba ifikapo Jumatatu saa mbili kamili, serikali yangu itakuwa imejenga sentensi moja ya kisasa, ya maneno manne, yenye uwezo wa kubeba mtoto na wazazi wawili kwa wakati mmoja bila kuporomoka. Kwamba bhajia zitaingia kwa zamu. Kwamba daku italiwa hata kama ni kwa kuburutwa. Na kwamba yeyote mwenye macho ya manjano, ndani ya mtaa huu, atahesabiwa kuwa raia kamili. (Shangwe. Kandambili wanasimama wote, mguu mmoja.)

Tuseme pamoja basi! Bilirubini! (Juu!) Hapana, chini! Bilirubini! (Chini!) Tumbo! (Tulia!) Pilau! (Kidogo!) Mama! (Kimya.) Nimesema, Mama! (Kimya zaidi.)

Kwa hayo machache, nawashukuru kwa kuhudhuria kwa wingi uzinduzi wa mradi ambao, nikisema ukweli, hauna awamu, hauna tume, hauna sentensi hata moja, isipokuwa karatasi moja iliyokunjwa mara sita ndani ya soksi yangu ya kushoto. Asanteni, na mwende salama.

(Mlango unagongwa.)

"Asmaa! Unaongea na nani humo?"

"Na wananchi, Mama."

"Waambie wananchi watoke, Mzee Nyaga anataka kunawa."

(Mwenyekiti anamtazama Mheshimiwa Ndoo. Mwenyekiti anavua soksi.)

"Mama. Bilirubini si somo."

(Komeo linatikiswa kutoka nje.)

"Si somo? Kwa hiyo hiyo thelathini na nne ni ya nini?"

"Ni ya damu. Ini linachelewa kusafisha, nikifunga saumu, macho yanakuwa manjano. Daktari anataka mzazi Jumatatu. Ameuliza kama kuna mwingine nyumbani ambaye..."

(Sauti ya Mama imegeuka upande wa sebuleni, na sasa mtaa mzima unasikia.)

"Baba Asmaa! Wacha hiyo pilau! Njoo hapa na hayo macho yako ya Ramadhani!"