Fahali Wangu wa Miezi Saba

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Zamu yangu mbele ya Bwana Shauri. Si yule mzungu wa zamani. Huyu ni mashine, kabati la bati lenye sikio moja la shaba, iko barazani Tunduma tangu masika. Inafikiri yenyewe. Inatuamuru siku ya kupanda ulezi, nani apike pombe, nani avuke mpaka. Hata wazungu wanaiomba ruhusa ya kwenda kuwinda.

Nataka kibali kimoja tu. Nivuke na Boazi, tukamwone baba yake, Kefa, kwenye migodi ya shaba. Kefa hajawahi kumbeba mwanawe. Lori ni Jumamosi.

Nesta, jirani yangu, alipata kibali chake kwa maneno manne. Nikaona maneno manne ni ukavu. Nikatia utamu. Nikaiambia mtoto huyu ndiye fahali yangu, yaani cha kujivunia. Ikachapa: Fahali mmoja. Ng'ombe hawavuki, kuna ugonjwa wa sotoka. Aogeshwe joshoni Alhamisi.

Jumanne, 3 Agosti
Nimerudi kubisha. Nikasema hana pembe. Ikachapa: hana pembe. Nikasema bado ananyonya. Ikafuta fahali, ikaandika ndama. Nikaona tunasogea.

Fanueli, karani wa mashine, rafiki wa Kefa, akaninong'oneza: neno ni fahari, shemeji, ulimi utetemeke mwishoni. Nikamwambia ndilo nililosema, fahali. Akajishika kichwa. Ulimi wa Kinamwanga hautetemeki ovyo.

Jumatano, 4 Agosti
Nesta kaja na mzigo wa majani mabichi. Ati, Mama Boazi, nimemletea mwanao chakula cha jioni. Kibali chake amekibana kifuani kwa pini, kama medali. Nikamshukuru kwa adabu zote. Alipogeuka nikamtazama ndama wake kwa jicho jipya.

Alhamisi, 5 Agosti
Joshoni. Nimempeleka ndama wa Nesta, nikamwandikisha kwa jina la Boazi. Boazi mwenyewe mgongoni, nimemfunika gubigubi. Ndama katumbukizwa kwenye birika la dawa, katoka anapiga chafya. Nikajisifu sana moyoni.

Mchana ikaja karatasi. Boazi ni safi. Ruksa kula majani mpaka kijiji cha Chapwa. Kuvuka, hapana. Akitimiza miaka mitatu afungwe plau.

Nesta hasemi nami. Ndama wake ananuka dawa mpaka jikoni kwangu. Na Boazi leo kasema baba, wazi kabisa. Kamwambia mlango.

Ijumaa, 6 Agosti
Fanueli nusura anipigie magoti. Shemeji, usitaje jina, usisifu, sema mtoto mmoja, ufunge mdomo. Nikasema mtoto mmoja, nikafunga mdomo. Kibali kikatoka, na muhuri juu. Mama mmoja, mtoto mmoja.

Nilifika mlangoni. Nikaona kuondoka hivi hivi ni kukosa malezi. Nikarudi, nikalipapasa bati lake, nikaiambia kwamba yenyewe ndiyo fahali ya Tunduma nzima.

Kisha ikachapa: Fahali mmoja, mkubwa, wa chuma. Hajaogeshwa. Joshoni kabla ya saa kumi.

Fanueli kaisoma mara mbili. Tangu masika hajapinga amri hata moja, na hii hakuipinga. Wanaume kumi na wawili waliibeba mashine hadi joshoni.

Jumamosi, 7 Agosti
Bwana Shauri hasemi tena. Jana alitoa mapovu, halafu kimya. Leo asubuhi watu wamepika pombe bila kuuliza mtu. Kizuizi cha mpakani kiko juu, hakuna wa kukishusha. Lori limepita na waliokuwa na kibali na wasiokuwa nacho. Nesta kanuna, ati pini yake imeharibika bure.

Naandika nikiwa foleni, upande wa pili. Huku nako ipo mashine, kubwa mara mbili, ina masikio mawili. Haitazami karatasi za kwetu, inasikiliza tu. Nesta kanishika mkono: Mama Boazi, mwenzangu, nakusihi, mtoto tu. Nimemjibu nimesikia.

Lakini nimewaza. Ile ya kwetu ilikosea kwa sababu ilikuwa na sikio moja, na mimi nilisema haraka. Hii ni ya watu wastaarabu. Boazi anastahili neno zuri kabla ya kumwona baba yake. Nitalisema lile lile, taratibu, kila sikio mara moja.